Mama Alipofundishwa Kusimama

Majira ya baridi hapa Johannesburg ni majira ya machenza, na mimi nina tabia ya kuweka maganda yake juu ya hita ili yakauke. Mume wangu hulalamika kwamba nyumba inanuka kama duka la dawa za kienyeji, na ana haki yake. Juzi ganda lilipoanza kujikunja, na ile harufu chungu yenye utamu kwa mbali ikajaa sebuleni, nilijikuta nimesimama katikati ya chumba, magoti nimeyalegeza, nimerudi kuwa mtoto wa darasa la tatu asiyeelewa lolote linaloendelea. Mama alikuwa ameshatutoka. Nilitaka kumwuliza mambo mawili matatu, nikakumbuka kwamba nimechelewa.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Troyeville na Bertrams kwa wazazi waliotoka mbali mtanielewa nikisema kwamba utoto wetu ulikuwa wa kukisia. Nyumbani Kiswahili cha Bukavu, shuleni Kiingereza, uwanjani Kizulu, kanisani Kifaransa kidogo ili Mungu ajue sisi ni watu wa maana. Nilielewa kila kitu na kujibu kila kitu kwa Kiingereza, jambo lililomkera Mama. Hakuna mtu mzima aliyekuwa na muda wa kukufafanulia. Uliona jambo, ukalifasiri kwa akili uliyonayo, ukaendelea na maisha.

Mama alikuwa msusi katika saluni ya Tantine Odette, kule Kensington, kwenye ile barabara ya maduka madogo madogo. Tantine Odette hakuwa ndugu yetu wa damu, ila alikuwa na sauti ya ndugu, maana alitugombeza kama wake. Nikitoka shule navuka robot, yaani taa za barabarani, naingia saluni, nakaa juu ya kreti la soda na kutenganisha nywele za bandia zilizokuwa zikisubiri vichwa. Mlango uliofuata ulikuwa wa duka la Mzee Wen. Aliuza nyuzi, zipu, vifungo na lastiki, na mafundi cherehani wote wa upande ule walikuwa wateja wake. Dirishani aliweka trei la maganda ya machenza yanayokauka, ya kutia kwenye chai.

Mzee Wen alikuwa Mchina mwembamba mwenye nyusi ndefu, na ajabu yake ni kwamba alisema Kiswahili. Ujanani alifanya kazi ya kujenga reli Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: amri, vyakula, na matusi mawili ambayo hakujua kuwa ni matusi. Kiingereza chake kilikuwa cha kutaja bei tu. Kwa hiyo mchana, wateja wakipungua, alisimama mlangoni kwake na Mama mlangoni kwetu, wakaongea habari za maharage na mvua kama watu waliokulia kijiji kimoja.

Siku moja alimwangalia Mama akisuka, akamwangalia tena, akaingia saluni bila kuitwa.

“Wewe simama vibaya,” akamwambia.

Mama mgongo ulikuwa ukimuua siku zile. Jioni alikuwa akipanda ngazi za kwetu kwa kushika ukuta. “Mzee, mie niko nasimama tangu asubui,” akasema. “Kama ni kunifundisha, unifundishe kukaa.”

Wateja wakacheka. Mzee Wen hakucheka. “Kesho, kabla ya kazi, kuja dukani,” akasema, akarudi kwenye vifungo vyake.

Mama akaenda. Nilifikiri alikwenda kwa adabu tu, kwa kuwa mkubwa akikuita huendi kumwuliza sababu. Kumbe akaendelea kwenda. Wakati wa likizo aliniburura naye asubuhi na mapema, nikaona kwa macho yangu anachokwenda kufanya, na hapo ndipo nilipoanza kupotea njia. Mama alisimama. Basi. Alisimama katikati ya duka, kati ya rafu za nyuzi, miguu imeachana kidogo, magoti yamelegea, mikono ameizungusha mbele ya kifua kama amekumbatia pipa, na hakuna pipa. Mwanzoni nilidhani anasubiri apewe kitu cha kubeba. Hakupewa. Nikaona jasho linamtoka na miguu inatetemeka, nikakata shauri kwamba anaadhibiwa. Shuleni kwetu aliyeongea sana alisimamishwa ukutani mikono juu, na Mama kuongea aliongea.

“Amefanya nini?” nikamwuliza Mzee Wen, kwa Kiswahili, maana kwake Kiingereza changu hakikufaa.

“Bado hapana fanya kitu,” akajibu. “Ndiyo ngumu.”

Jibu hilo halikunisaidia. Kila baada ya muda alizunguka nyuma yake na kumgonga kwa kifundo cha kidole mahali fulani chini ya kiuno, taratibu kama mtu anayebisha hodi, na Mama alishuka kidogo na kupumua. Hakuna maelezo. Mama alipomwomba amweleze kwa maneno, Mzee Wen alisema yeye hakuelezwa, aligongwa. Mwalimu wake alimgonga hapo, na mwalimu wa mwalimu wake alimgonga huyo hapo hapo. Akatuonyesha ukutani.

Ukutani, juu ya boksi za zipu, zilikuwapo picha tatu za wanaume Wachina wenye sura nzito. “Huyu baba yangu,” akasema Mzee Wen akionyesha ya chini. “Huyu baba ya baba yangu. Huyu, juu, baba ya huyu.” Niliziangalia kwa makini, kwa sababu kanisani kwetu watu walipenda kulinganisha pua, na pua hizi hazikufanana hata kidogo. Mmoja alikuwa mnene mwenye uso wa duara, wa pili amekonda kama ufito. Nikamwambia hivyo. Akasema ni kweli, hawakuzaana, bali walifundishana. Baba aliyemzaa alikuwa mvuvi wa mtoni na hata picha hakupiga. Huyu wa ukutani ndiye aliyemsimamisha.

“Na mtoto yako?” Mama akamwuliza. Mzee Wen alikuwa na mwana wa kumzaa, mfanyabiashara wa vipuri vya magari, aliyekuja dukani akiwa na simu mbili na kuondoka akiwa bado anaongea nazo.

“Yeye hapana simama. Yeye iko haraka.” Akapanga upya vifungo ambavyo vilikuwa vimepangwa. “Mwalimu yangu alisema, hii kitu usife nayo peke yako. Wewe, baba yako nani?”

“Mie sina picha,” Mama akasema. Vita vilimchukua babake, Mama akiwa bado msichana, pamoja na nyumba na wakubwa wote wa ukoo waliokuwa ndani. Hilo nililijua kama nilivyojua namba ya mlango wetu, ni jambo lililokuwapo tu. Mzee Wen hakusema pole. Alimgonga kiunoni, Mama akashuka, wakaendelea.

Mgongo ulipona kwa zoezi hilo la kusimama tu, hilo nitalisema wazi. Ulipona polepole mpaka tukasahau kwamba uliwahi kuuma. Mimi ningedhani mtu akipona huacha dawa, lakini Mama alizidi kwenda. Hata mimi alikuja kunisimamisha baadaye, nilipokuwa msichana mkubwa mwenye midomo mirefu ya kununa, na kifundo chake kilinigonga pale pale. Picha ya Mzee Wen iko ukutani kwangu leo. Wageni wakiniuliza huyu Mchina ni nani wako, kila mara najibu jibu jingine.

Papa, baba yangu, hakuwa akiyaona haya. Alikuwa mlinzi kwenye estate moja huko Midrand, akilala huko huko, na kwetu alikuja mwisho wa mwezi na mfuko wa sare chafu na karanga za mimi kula. Alijua Mama anajifunza kitu kwa jirani Mchina. Alisema ni vizuri, mradi mgongo umetulia. Papa alikuwa mpole, na mimi nilimpenda kwa wivu, kama unavyopenda mtu usiyemshiba.

Sasa nirudi nyuma kidogo kwenye arusi, maana bila arusi hamtaelewa kosa langu. Binti mmoja wa kanisani aliolewa, na kabla ya kanisa yalifanyika mambo ya kimila katika ukumbi wa Bertrams. Sisi watoto tulifukuziwa nje kula, tukaruhusiwa kuingia wakati bibi arusi anapewa kikombe na kuambiwa amtafute mume wake katikati ya wanaume. Akazunguka, akajifanya hamwoni, watu wakapiga kelele, mwisho akapiga magoti mbele ya kijana mmoja na kumpa kikombe kwa mikono miwili. Kijana akanywa. Vigelegele vikapasua paa.

“Akishakunywa, bimeisha,” Tantine Odette akaniambia sikioni, akiwa anajipangusa machozi. “Sasa iko wake.”

Nililiweka hilo akilini. Nilikuwa mtoto wa kuweka mambo akilini.

Muda si mrefu baada ya arusi, Mama na Mzee Wen walikuwa na mabishano ya siku kadhaa kupitia milango. Nilisikia vipande. Mzee Wen alitaka Mama asiwe tena mwanafunzi wa nje, awe wa ndani, na kuna desturi yake. Mama alisema yeye ameokoka na hatainamia picha za wafu. Tantine Odette aliunga mkono na kuongeza Biblia. Mzee Wen akafikiri sana, akaja na jibu: “Sawa. Picha wewe hapana inamia. Wao wamekufa, hawana haraka. Chai tu.”

Jumamosi moja mchana Mama akaniambia nivae viatu vya kanisani. Hakuniambia kwa nini. Yeye alivaa kitenge chake cha Pasaka, na Tantine Odette alikuwa amemsuka upya kutwa nzima ya jana yake. Tukaingia dukani kwa Mzee Wen, mlango ukafungwa nusu. Alikuwa amevaa koti lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na kiti chake kilikuwa kimesogezwa chini ya zile picha tatu. Palikuwa na keki. Nilipewa kipande, nikaanza kula nikiwa na furaha ya kijinga.

Kisha Mama akapiga magoti. Akainamisha kichwa, akanyanyua kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mzee Wen akakipokea kwa mikono miwili, akanywa polepole mpaka akaona kitako cha kikombe. Na Tantine Odette, ambaye hawezi kuona mwanamke kapiga magoti na kikombe bila koo lake kufunguka lenyewe, akapiga vigelegele mpaka Mzee Wen akaruka kitini. Kisha Mzee akampa Mama viatu vyeusi vya kitambaa, wakapigwa picha pamoja, Mama akitabasamu tabasamu ambalo sikuwahi kuliona.

Nilibaki na keki mdomoni, haishuki. Mama yangu alikuwa ameolewa.

Niliogopa, na woga wangu ulikuwa wa Papa. Nilimwona akilini akifika mwisho wa mwezi na mfuko wake wa sare, anabisha, hakuna mtu. Lakini mambo hayakwenda kama nilivyotarajia, na hiyo ilizidi kunivuruga. Jioni ile Mama alirudi nyumbani nami, akasonga bugali, akapika sombe ya majani ya muhogo, akaimba. Nikamfuata nyuma kila alikokwenda mpaka akanikanyaga.

“Mama, tutahamia dukani?”

“Dukani kufanya nini?”

“Kulala.”

“Ile duka iko na vitanda?”

“Hapana.”

“Basi.”

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwuliza sasa Mzee Wen nimwite nani. Mama akajibu bila kugeuka kwamba nimwite Koko. Kwetu Koko ni babu. Nikalala nalo hilo, nikaamua kwamba huenda mtu akioa akiwa mzee, watoto humwita babu kwa heshima ya umri. Kila nilichoambiwa kilikuwa kweli, na nilikuwa na mahali pa kukiweka, na mahali penyewe hapakuwa pake.

Mwisho wa mwezi Papa akaja. Jumamosi asubuhi Mama alikuwa ameshakwenda saluni, na Papa amekaa kizingitini akipiga buti zake rangi. Nikakaa karibu naye. Sikutaka kumwambia, na sikuweza kukaa kimya, kwa hiyo nikasema nikiangalia barabarani.

“Papa, Mama amempa Mzee Wen kikombe.”

“Kikombe gani?”

“Cha kupiga magoti.”

Brashi ikasimama. “Alipiga magoti?”

“Ndiyo.”

“Mzee akakunywa?”

“Akakunywa.”

“Yote?”

“Yote. Tantine akapiga vigelegele.”

Papa akaitazama buti kama ni ya mtu mwingine. “Aliniambia atakuwa mwanafunzi,” akasema, si kwangu. “Ya kikombe hakuniambia.” Akaniuliza tena, neno kwa neno, kikombe kilishikwaje, nani alikuwapo. Nikamjibu yote, nikiona macho yake yanalowa. Kisha akaingia ndani, akavaa suti yake pekee, akatoka bila kuniambia anakokwenda. Jirani wa chini akaambiwa anitazame.

Aliporudi alikuwa amepanda bakkie, kigari cha mizigo cha rafiki yake wa kazini, na nyuma kulikuwa na mbuzi.

“Vaa viatu byako,” Papa akasema. “Tunaenda kwa Mzee.”

Njia nzima nilimtazama yule mbuzi kupitia kioo. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa: Papa anakwenda kumkomboa Mama. Atatoa mbuzi, atarudishiwa mke. Nilitamani kumwambia kwamba mbuzi huyu ni mdogo sana. Mama alikuwa mwanamke mrefu, msusi hodari, anajua kupika samaki, na huyu mbuzi alikuwa na sikio moja limechanika. Kwenye robot ya mwisho niliomba Mungu Mzee Wen asiwe mtu wa kuangalia masikio.

Papa akamfunga mbuzi kwenye nondo za mlango wa duka. Tantine Odette alimwona kupitia dirisha la saluni, akaiona na suti, akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimetimka. Akamvuta Mama mkono, wakaingia nyuma yetu. Papa hakusimama kama anavyosimama kazini. Alikaa kwenye kibao kifupi cha kupandia rafu, chini kuliko kiti cha Mzee Wen, akapiga makofi ya chini, ya kuitikia wakubwa.

“Baba,” akasema, “nimekuja. Nimechelewa, unisamehe.”

Mzee Wen alitazama mlangoni. “Mbuzi ya nani?”

“Ya kwako.”

“Mimi hapana nunua mbuzi.”

“Haiuzwe.” Papa akavuta pumzi. “Kwetu, mutoto mwanamuke iko na bikombe bibili. Ya kwanza anapigia baba yake magoti, baba anakunywa, ni kusema amekubali. Ya pili ndiyo anapelekea bwana yake. Mie nilipata ya pili tu. Ya kwanza haikukuwaka na mutu wa kuikunywa. Nilimuoa bila kuomba mutu, ju hakukuwa mutu wa kuomba. Sasa umeikunywa. Basi nimeleta mbuzi.”

Kikombe cha kwanza. Nikakumbuka ule ukumbi wa Bertrams, na sisi watoto tukiwa nje na sahani zetu wakati baba wa bibi arusi akinywa chake.

Mlangoni mbuzi akalia. Mpaka leo sijui Mzee Wen alielewa nini. Huenda kwao mbuzi hana maana yoyote. Alikuwa ametafuta mtu wa kumwachia kusimama kwake, hakuwa ametafuta mkwe. Aliinua macho kwenye zile picha tatu, akakaa nazo kidogo, kama anayewauliza kama jambo la namna hii liliwahi kuwatokea. Kisha akafunga kifungo cha juu cha shati lake, akakaa wima.

“Sasa mimi fanya nini?” akauliza.

Tantine Odette akajibu haraka, kwa sauti ya watu wa upande wa mke, ambao walikuwa yeye peke yake. “Unamuuliza mutoto yako. Kama iko anamujua huyu mwanaume. Kama tupokee.”

Mzee Wen akageuka. Mama alikuwa kando ya rafu ya nyuzi, na chanuo bado liko mkononi.

“Wewe,” akamwambia kwa upole. “Huyu, wewe najua?”

Arusini yule binti naye aliulizwa hivyo, akajibu upesi akiona haya, watu wakacheka. Mama aliweka chanuo chini. Alimwangalia Papa pale chini kwenye kibao, na suti yake iliyombana mabega, mwanaume aliyemfulia, aliyemzalia, aliyempungia mkono kila mwisho wa mwezi, na midomo yake ikatetemeka kama ya msichana asiye na mume.

“Namujua, Baba,” akasema. “Mumupokee.”

Tantine Odette akafungua koo. Mimi nilimvuta sketi, nikamwuliza kwa sauti ya chini: kama ndiyo kwanza wanaoana leo, mimi nilitoka wapi?

“Nyamaza,” akanijibu, machozi yakimtiririka. “Usiharibie mama yako siku yake.”